Korona 2021: ni nani hasa alitufanya Watanzania tuikimbie chanjo?

#1 Kiparangoto

Wakuu, salama.

Wiki iliyopita tulikuwa tunagawana vitu vya marehemu mjomba. Mimi nikaangukiwa na simu yake ya zamani, kioo kimepasuka pasuka. Nikaichaji, ikawaka. Kwenye grupu la ukoo, kitu cha mwisho alichofowadi kuhusu korona ni cha Agosti 2021: klipu ya sauti, dakika nne na ushee. Mwanamama anajitambulisha kuwa nesi wa "hospitali kubwa", analia kwamba waliochanjwa wanadondoka wodini mmoja baada ya mwingine na wakubwa wamewakataza kusema. Chini yake watu kumi na saba tumejibu kwa kidole gumba. Gumba la kwanza ni langu.

Tangu siku hiyo nimekaa na swali. Kila mtu anasema watu waliikataa chanjo kwa ujinga na WhatsApp. Mimi nasema hapana. Januari 27, 2021 Rais Magufuli alisimama Chato akasema chanjo hazifai, kwamba wazungu kama wangekuwa na uwezo huo wangeshaleta ya UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Julai 28 mwaka huohuo Rais mwingine, Samia, anatoa bega Ikulu, anachomwa mubashara. Miezi sita. Shingo ya mwananchi utaigeuzaje kwa miezi sita bila kuivunja? Yule "nesi" alikuta shamba limeshalimwa, yeye alikuja kupanda tu.

Nani anabisha?

#2 bintiwakimara

Kumbe tangu 2021 tunakutafuta na uko humuhumu 😂 Gumba la kwanza! Navuta kiti.

#3 FundiRedio

Nabisha. Klipu za aina hiyo zilisikika dunia nzima, hata kule ambako marais walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Ile ya sumaku kung'ang'ania begani haikuzaliwa huku, ilikuja imeshaiva. Ile ya kwamba ukichanjwa umebakiwa na miaka miwili ilibandikwa jina la Luc Montagnier, Mfaransa mwenye Nobel ya 2008 kwa kugundua virusi vya UKIMWI. Mzee ni kweli alizipinga chanjo za korona, alidai zinazalisha aina mpya za virusi. Lakini hayo ya miaka miwili hakuyasema kwenye yale mahojiano. Mtu kachukua video, kaiwekea maneno yake juu. Huku ikafika na nyongeza ya "shemeji yangu yuko Italia kathibitisha".

Hiyo haikuhitaji hotuba ya Chato. Ilihitaji bando la usiku tu.

Halafu mtoa mada, hiyo klipu kaisikilize tena ukiwa na spika za masikioni. Mwache anayelia, sikiliza vilivyo nyuma yake. Mimi nimetengeneza redio maisha yangu yote. Kisha rudi hapa.

#4 MzeeWaMafaili

Mtoa mada umeanzia katikati. Mgonjwa wa kwanza tulitangaziwa Machi 16, 2020. Jumla ya mwisho tuliyosomewa ikawa 509, vifo 21. Baada ya hapo Bara ikafunga daftari kwa zaidi ya mwaka. Mei 3 tukasikia papai na mbuzi wamekutwa na korona maabara, kipimo chenyewe kikawa kichekesho cha vijiweni. Juni tukaambiwa Mungu ameshaiondoa.

Sasa njoo Februari 2021. Mtaani kwetu tulizika wanne ndani ya wiki mbili, na matangazo yote ya msiba yaliandikwa "changamoto ya upumuaji". Mmoja walibadilisha wakaweka "presha", ndugu walisema inasikika vizuri zaidi. Februari 17 akafariki Maalim Seif, ambaye chama chake kilikuwa kimesema wazi ana korona, na hata hapo watu walinong'ona kama wanamtaja jini. Halafu Julai unamwambia mtu njoo uchanjwe. Dhidi ya nini? Ya kitu ambacho mwaka mzima hukumwambia kimeua wangapi?

Sikubaliani na wewe wala na Fundi. Kilichotuua ni ukimya. Uongo ulikuta kiti kitupu ukakaa.

#5 ScaniaMatairiKumi

Nyie wasomi mnazunguka. Mimi sikuchanjwa kwa sababu moja: tangu lini beberu akakupa kitu bure? Dozi milioni mbili za AstraZeneca, bure, na ndege juu. Tajiri wangu akinilipia chai tu najua kuna safari ya Tunduma isiyo na posho.

#6 MzeeWaMafaili

Scania, rekebisha. Ilikuwa Johnson, dozi 1,058,400, zilitua Julai 24 kupitia COVAX, ule mpango wa dunia wa kugawana chanjo. AstraZeneca ndiyo walioanza nayo jirani zetu Kenya.

Hiyo ya chai na Tunduma sina ubishi nayo.

#7 MkenyaMtulivu

Mmenitaja nikaja. Hoja ya mtoa mada kwetu haisimami hata dakika moja. AstraZeneca ilifika Machi 2021, Rais akachanjwa mwezi huohuo. Serikali haikuwahi kukana ugonjwa, na Mzee wa Mafaili, takwimu tulisomewa kila jioni mpaka watoto wakawa wanamwigiza waziri. Bado chama cha madaktari Wakatoliki kilitoa taarifa kwamba chanjo haihitajiki, ikabidi maaskofu wenyewe wasimame waseme inaruhusiwa. Na maaskofu haohao mwaka 2014 ndio waliodai chanjo ya pepopunda ina homoni ya kufunga uzazi, serikali na WHO wakakanusha. Mamangu mpaka leo ukitaja sindano anajibu, "Kama ile ya 2014?"

Mwisho wa 2021 serikali ikatishia kuwanyima huduma wasiochanjwa, mahakama ikasimamisha. Tulikuwa na takwimu, tulikuwa na Rais aliyekubali, na nyumbani kwetu kati ya watu sita tulichanjwa wawili.

#8 bintiwakimara

Mtoa mada umefungwa bao la ugenini.

#9 NesiZamuYaUsiku

Nimesoma kimya nimeshindwa. Mimi ni nesi kweli, si wa klipu.

Johnson chupa moja ni watu watano. Ukishaifungua una saa sita, kinachobaki unamwaga na unakitolea maelezo. Kituo nilichokuwepo, mkubwa wetu aliyaogopa hayo maelezo kuliko korona. Kwa hiyo wakija watatu tunawakalisha benchi wasubiri wenzao wawili. Saa nne inafika, saa tano inafika. Kuna mama aliacha genge lake la nyanya kwa mtoto wa darasa la tatu. Akawa ananiangalia mimi, anaangalia saa ya ukutani, ananiangalia mimi. Mwisho akajifunga kanga upya, akasema, "Mwanangu, nitapita kesho." Hakupita. Kwenye ripoti ya mwezi tukaandika "mwitikio mdogo wa jamii".

Na mwanzoni vituo vilikuwa 550 nchi nzima. Mtu anapanda bodaboda mbili kuja kuambiwa subiri wenzako. Huyo naye mtamhesabu kwenye waliodanganywa na WhatsApp?

Ulipokuja ule mpango shirikishi na harakishi, tukatoka na viboksi vya barafu: sokoni, stendi, nyumba kwa nyumba. Walewale waliosemwa wamekataa walikuwa wanapandisha mkono wa shati huku wanapima mchele. Januari 2022 nchi haikuwa imefika hata asilimia tano ya waliokamilisha chanjo, na 2023 tukawa tumepita nusu. Imani za watu zilibadilika zote mwaka mmoja? Au tuliwafuata walipo?

#10 KijanaWaKwaya

Nesi, heshima yako. Ila tusiruke madhabahu.

Kanisani kwetu tulifunga siku tatu kuiombea nchi isipokee alama ya mnyama. Tulipiga hesabu ubaoni, herufi za "corona" kwa namba, tukapata 66, mtu akasema tukiongeza idadi ya herufi sita… mnajua ilikoishia. Mimi mwenyewe ndiye niliyeshika chaki. Hakuna aliyetutumia hiyo kwenye simu, tuliitengeneza wenyewe mchana kweupe.

Halafu nchi ilikuwa na Gwajima wawili kwa wakati mmoja. Dkt. Dorothy, Waziri wa Afya, anahimiza watu wachanjwe. Askofu Josephat, mbunge wa Kawe, anaipinga kanisani kwake. Waziri akaagiza ahojiwe, Bunge nalo likamfungia mikutano miwili. Bibi yangu alisikiliza redio wiki nzima, akaniita: "Baba, hebu niambie, huyu Gwajima amesema tuchanje au tusichanje?"

#11 MzeeWaMafaili

Na usisahau kwamba huyohuyo Waziri, mwanzoni mwa Februari 2021, ndiye aliyesema wizara haina mpango wa kupokea chanjo. Bibi alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa mara tatu.

#12 UstadhiKijana

Wa kwaya, msizitie dini zote kapu moja. Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa waraka wa tahadhari Januari 2021, wakati wengine wote wamefunga mdomo.

Kwetu sisi nilichokiona ni kingine. Baba yangu alikuwa mpinzani namba moja hapo mtaani, baada ya swala anakaa barazani anatoa mada. Saudia wakatangaza hijja ya 2022: walio chini ya miaka 65, chanjo kamili. Yeye ana 63 na pesa ameshalipa. Jumatatu asubuhi nikamkuta kavaa kanzu safi anatafuta kitambulisho. Nikamuuliza, "Baba, na ile chipu uliyosema iko ndani ya chanjo?" Akanijibu bila kugeuka, "Itanionyesha njia ya Arafa."

Watu hawakuwa na imani nzito kiasi hicho. Walikuwa hawajapata sababu.

#13 MjukuuWaManamba

Nimecheka hapo kwa Arafa. Lakini naona wote mnajadili kama vile hofu hii ilizaliwa 2020. Babu zetu walikuwa na mumiani. Enzi za mkoloni gari la zimamoto likipita usiku watu wanaingia uvunguni, kwamba linakamata watu likawanyonye damu zikauzwe hospitali. Ilivuma Dar, Nairobi, Kampala, na hakukuwa na WhatsApp, Fundi Redio. Mzungu, sindano, gari, damu: hadithi ipo kabatini siku zote, kila kizazi kinaipiga pasi na kuivaa.

Na si kwamba haina mfupa ndani. Tuskegee, Marekani, watu weusi walichomwa kaswende makusudi miaka arobaini. Mwaka 2011 CIA walitumia kampeni feki ya chanjo ya homa ya ini kule Abbottabad kumsaka Osama, baadaye wachanjaji wa polio wakawa wanauawa Pakistan. Aprili 2020 Wafaransa wawili, mmoja daktari mwingine mtafiti, wanazungumza kwenye televisheni juu ya kujaribu BCG, chanjo ya kifua kikuu, Afrika dhidi ya korona, mpaka mkuu wa WHO akawalaani. Hiyo ilikuwa video ya kweli. Kwetu ilifika kabla ya klipu yoyote ya nesi.

#14 MwalimuMstaafu

Manamba, umeandika vizuri ila sahihisha Tuskegee. Hawakuchomwa kaswende. Walikuwa nayo tayari, wengi wao. Ubaya ni kwamba kuanzia 1932 mpaka 1972 waliangaliwa tu wakiumwa, hata penisilini ilipopatikana wakanyimwa. Nakusahihisha kwa sababu ukisimulia vibaya, anayekupinga atashika hilo kosa moja na kukutupa na mengine yote. Hicho ndicho kilichotokea kwenye mabishano ya chanjo pande zote mbili.

Nami nina langu. Mwaka 2018 ilipoanza chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa mabinti wa miaka 14, shuleni kwangu asubuhi ile nusu ya darasa hawakuja. Wazazi walisikia ni ya kufunga uzazi. Nikatoka mlango kwa mlango. Baba mmoja akaniambia hivi, sitasahau: "Mwalimu, serikali haijawahi kunifuata nyumbani kwa jambo jema. Imenifuata kwa mchango wa maabara na kwa kodi ya kichwa ya baba yangu. Leo imfuate binti yangu?" Nilikuwa na vipeperushi mkononi. Havikuwa na jibu la swali hilo.

Kingine kidogo cha lugha, mnisamehe. Tunasema "kuchanja" kama tunavyochanja kuni, na kama fundi wa kienyeji anavyochanja chale akapaka dawa. Mwili kukatwa kidogo ili ulindwe ni jambo tulilolifanya zamani bila fomu. Kwa hiyo sidhani tatizo ni sindano. Swali ni nani ameishika.

#15 ScaniaMatairiKumi

Mwalimu umetaja fomu, umenikumbusha sababu yangu ya kweli. Ile ya beberu nilikuwa natania kidogo.

Nilienda. Ndiyo, nilienda. Nikapewa fomu ya ridhaa nisaini. Mimi nikipeleka mzigo, anayenisainisha ni yule anayetaka mzigo ukipotea nilipe mimi. Nikairudisha karatasi mezani, nikawasha gari.

#16 NesiZamuYaUsiku

Scania, fomu iliuliza kama una mzio, kama umeelezwa na umekubali. Hata upasuaji unasaini.

#17 ScaniaMatairiKumi

Upasuaji nakuja naumwa dada yangu. Pale nilikuja mzima. Na watoto wangu wamechanjwa surua na pepopunda wote, hakuna siku mama yao alisainishwa karatasi. Hii moja ndiyo iwe na karatasi?

#18 Daktari_wa_Kata

Scania ameuliza swali la haki na sijawahi kusikia likijibiwa vizuri redioni.

Tatizo letu watu wa afya tulipewa majibu ya kutuliza. "Haina madhara." Lakini Aprili 2021 Marekani wenyewe waliisimamisha Johnson kwa siku kama kumi kwa sababu ya damu kuganda: wanawake sita, kati ya dozi karibu milioni saba. Wakachunguza, wakaona faida inazidi, wakaendelea. Hayo yalitokea kabla sisi hatujapokea hata chupa moja. Mimi kwenye mikutano ya kijiji nilianza kuwaambia wazi: kuna madhara, haya hapa, ni adimu kiasi hiki, na kesho mkono utauma na unaweza kupata homa. Mkubwa wangu akaniambia natisha watu. Lakini waliokuja siku ile walirudi na wake zao. Kule mwenzangu alikosema haina kitu kabisa, mtu wa kwanza kupata homa usiku alimaliza kampeni ya kata nzima.

#19 FundiRedio

Daktari, kwa hiyo unasema ukweli nusu ulizaa uongo mzima? Basi narudisha nusu ya bando langu.

#20 mtuwakati

Nikiri jambo maana humu hatujuani. Kuna kipindi cheti chenye ile alama ya kuskani kilikuwa kinatakiwa kwa safari. Mimi nilikipata bila sindano. Sitasema wapi wala kwa nani. Niliketi nyumbani, siku ya pili jina langu likawa kwenye mfumo. Kwa hiyo Nesi, kwenye hiyo nusu ya nchi yako kuna angalau mmoja ambaye ni hewa.

#21 bintiwakimara

Uzi umeanza kuwa wa maungamo. Nani mwingine?

#22 NesiZamuYaUsiku

Mtuwakati, najua mpo. Lakini na kinyume chake kipo, na sijawahi kusikia mtu akikisema.

Walikuwa wanakuja jioni. Magari yanaegeshwa mbali, mtu anakuja kwa miguu. Mmoja alikuwa kiongozi wa dini, mchana wake nilikuwa nimemsikia kwa masikio yangu kwenye spika za mtaa akiikataa. Alifunga mlango mwenyewe, akatoa koti, akasema, "Dada, kadi niachie humuhumu." Zilikuwa ishirini na kitu, kadi ambazo wenyewe hawakutaka kwenda nazo nyumbani. Nilizifunga kwa mpira wa bendi, zikakaa kwenye droo chini ya bandeji mpaka nilipohamishwa.

Kwa hiyo mnapouliza nani alikataa, mimi sijui mnamuuliza nani. Yule wa mchana au yule wa saa moja jioni?

#23 Kiparangoto

Nesi umenivunja mguu. Nimesoma hiyo mara tatu.

#24 MamaPacha

Sasa mimi niseme ya kwangu, mume wangu hayumo humu.

Yeye ni wa kijiweni, kule walikubaliana wote hawachanjwi, mwanaume wa kweli anajifukiza nyungu na kunywa tangawizi. Mimi nina pumu. Nikaenda kimyakimya, nikarudi, nikamwambia mkono unauma kwa sababu ya kufua mablanketi. Kadi nikaitia kwenye bahasha ya hati ya kiwanja, maana najua yeye karatasi hagusi.

Mwaka uliofuata tunataka kukopa, natoa hati. Kadi ni mbili. Ya kwake imeitangulia yangu kwa siku tisa.

Hatujawahi kulizungumza mpaka leo. Nilizirudisha zote mbili, nikafunga bahasha.

#25 bintiwakimara

MAMA PACHA 😂😂😂 Siku tisa! Yaani alikuwa anakuangalia unavyougulia mablanketi na yeye anajua!

#26 MkenyaMtulivu

Hii imenimaliza. Naanza kushuku wale wanne wa nyumbani kwetu.

#27 MjukuuWaManamba

Lakini hii inabadilisha swali. Kama watu walijificha, basi walichokiogopa ni majirani, si chanjo. Klipu ilikuwa kadi ya uanachama tu: unafowadi ili uonekane uko na wenzako.

#28 MzeeWaMafaili

Usikimbilie huko. Kwa kila kadi iliyofichwa droo ya Nesi kuna watu niliowazika ambao hawakuificha kwa sababu hawakuwa nayo. Ishirini na kitu si nchi.

#29 MwalimuMstaafu

Nyongeza tu, nimekumbuka kwa ajili ya Mama Pacha. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa jirani yetu, Msomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Oktoba 1977. Alikuwa anafanya kazi hospitalini, chanjo iko mlango wa pili, na aliikwepa. Si dini, si beberu, si Rais. Alisema aliona kama sindano inauma. Alipona, na miaka ya mwisho ya maisha yake alizunguka kuwahimiza watu chanjo ya polio akiwasimulia upuuzi wake mwenyewe. Alifariki 2013 kwa malaria akiwa kwenye kazi hiyo.

#30 ScaniaMatairiKumi

Sasa huyo namwelewa. Hata mimi fomu ile nilisoma nusu, nusu nyingine nilikuwa naangalia ukubwa wa sindano.

#31 bintiwakimara

SCANIA!!! Sababu ya tatu hii, tuandike ipi?

#32 Kiparangoto

Nimerudi. Fundi, nimeisikiliza klipu na spika za masikioni, mara nne, jana usiku.

Dakika ya kwanza ni kulia tu. Dakika ya pili kuna kitu kama sufuria kuwekwa chini. Dakika ya tatu na sekunde kumi na kitu, wakati anasema "wodi nzima imejaa maiti", anawika jogoo. Karibu kabisa, si wa mbali. Na mwishoni kabisa, kabla hajakata, sauti ya mtoto: "Mama, chumvi iko wapi?"

Mwaka 2021 niliisikiliza nzima kabla ya kuweka gumba. Naapa sikumsikia jogoo. Wala mjomba, na masikio yake yalikuwa mazima kuliko yangu.

#33 FundiRedio

Niliwaambia. Hospitali kubwa gani ina jogoo wodini?

#34 NesiZamuYaUsiku

Fundi, punguza. Zahanati niliyopo sasa ina majogoo wawili, na mmoja anaingia mpaka chumba cha sindano.

#35 ScaniaMatairiKumi

Na chumvi je?

#36 NesiZamuYaUsiku

Chumvi tunaazima kwa mlinzi.